Spiriti ya Kinyozi, Brashi ya Bibi Harusi

Kinyozi wa mtaani kwetu anatoza elfu tatu kichwa, na hata kwa elfu tatu hiyo hakuna mwanamume anayeketi pale bila kuuliza: spiriti umepitisha? Kinyozi hanuni. Anachukua kichupa, ananyunyizia meno ya mashine mbele ya macho yako, anafuta, ndipo anakuinamisha kisogo. Mwingine hana spiriti, ana kiberiti cha gesi. Basi anapitisha moto ili roho yako itulie.

Sasa geuza shingo upande wa pili wa barabara, kwenye saluni ya kina dada. Jumamosi, saa nne asubuhi. Bibi harusi kaketi kitini, wapambe wake wamejipanga kwenye benchi, uso mmoja laki na nusu. Brashi iliyotoka kufagia mashavu ya mpambe mwenye chunusi mbichi inakung'utwa kwenye paja la suruali ya mpambaji, inachovywa kwenye poda ile ile, inapanda kwa bibi harusi. Aliyeuliza ni nani? Hakuna. Wote wako kwenye simu wanapiga picha. Mxiuuu!

Ndiyo yaliyowasha kijiwe chetu wiki hii, maana Simba na Yanga hawakuwa na mechi na siasa tumeichoka. Sisi watu wa kahawa chungu na kashata tumegeuka wataalamu wa mekapu. Msicheke. Tunakaa hatua chache tu kutoka mlango wa saluni, tunaona kinachoingia na kinachotoka, na hizo nyuso tunazilipia wenyewe kupitia kadi za mchango. Mwenye kuchangia ana haki ya kunung'unika.

Tujiulize kwanza: kwa nini kinyozi tunamhoji na mpambaji tunamnyamazia? Kinyozi tulianza kumhoji miaka ile ya hofu ya ukimwi, zahanati na shule zote zikiwa na bango la kukataza kuchangia nyembe. Hofu ilizaa desturi, na desturi ikabaki hata hofu ilipopungua. Brashi ya poda haikuwamo kwenye bango lolote. Haina makali, haitoi damu, ukiipitisha shavuni unasikia raha mpaka unafumba macho. Nani atamshitaki anayembembeleza? Ulaini umeiponya kesi miaka yote hii.

Mwenye saluni mwenyewe hunywa kahawa pamoja nasi bila makuu. Alipokuja, mzee wetu wa kahawa, ambaye mtaa mzima tunamwita Babu, akamvaa moja kwa moja.

"Mwanangu, hebu niletee hiyo brashi unayowapakia watoto wa watu."

"Shikamoo Babu. Na wewe unataka kupakwa?"

"Marahaba. Ilete."

Akaileta, tena kwa kujidai. Ilikuwa brashi nene ya poda, mpini mweusi uliobabuka rangi pale unapoingia kwenye shingo ya bati. Kwenye ncha singa zilikuwa nyeupe za kupendeza. Babu akazipanua kwa vidole viwili mpaka ndani, karibu na bati, na huko mambo yakawa mengine: singa za kahawia, zimeshikana vijitita, zinatoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Kisha akashika kichwa cha brashi na kukizungusha kidogo. Kichwa kilizunguka, mpini ukabaki ulipo. Gundi ilishakwisha kazi zamani.

"Hiyo Babu ni ya singa za kindi," dada akajitetea. "Niliinunua Kariakoo, ghali, nikahakikishiwa kabisa."

Babu hakujibu. Alichomoa unywele mmoja, akaupeleka kwenye mkaa wa jiko lake la kahawa. Ule unywele ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kitone kigumu cheusi na harufu ya mfuko wa plastiki. Kijana wa bajaji akaangua kicheko. "Kindi gani huyu anayeyeyuka?"

Jaribio hilo fanyeni, halina gharama. Unywele wa mnyama ukiungua unanuka nywele, harufu ile ya kwato za mbuzi zinazobabuliwa kwa supu, na unabaki jivu la kusagika kwa vidole. Nailoni inayeyuka na kuganda. Ila wala asilie mtu. Singa za nailoni na za polista si aibu. Kosa ni kuuziwa nailoni kwa bei ya kindi. Nailoni yenyewe iliingia duniani kwa njia ya brashi: kampuni ya DuPont ya Marekani, iliyoivumbua, iliitoa sokoni mwaka 1938 kama singa za miswaki, kabla ya soksi zile za kina mama zilizoipa jina. Kabla ya hapo miswaki ya wenzetu huko ilikuwa ya nywele za nguruwe.

Neno nguruwe likamzindua ustadhi wetu aliyekuwa amesinzia upande wa ukuta. "Nini? Nguruwe usoni?" Tukamtuliza. Singa za nguruwe ni ngumu, kwao ni brashi za kupaka rangi ukuta na zile za kupakia mafuta mikate, na huko ndiko penye kesi. Malaysia mwaka 2017 maofisa wa serikali waliingia madukani wakakamata brashi za rangi zaidi ya 2,000 zilizoshukiwa kuwa na singa za nguruwe bila kuandikwa hivyo. Brashi laini ya poda, ikiwa si ya nailoni, mara nyingi ni ya mbuzi. Ya kindi ipo, na ya farasi pia, lakini mbuzi ndiye baba wa kazi. Ustadhi akasema mbuzi hana neno naye, akarudia usingizi wake.

Na kama kuna watu wanaomheshimu mbuzi huyo, ni Wajapani wa Kumano, mji mdogo wa mkoa wa Hiroshima. Walianza na brashi za kuandikia maandishi yao ya wino, kizazi hadi kizazi, halafu wakahamia usoni, na sehemu kubwa ya brashi zinazotengenezwa Japani hutoka kwao. Siri yao ni kwamba hawakati ncha. Nywele zinapangwa kwa mkono, iliyogeuka inatolewa, iliyovunjika inatolewa, umbo la duara au la yai linatokana na jinsi zinavyopangwa, na ncha ya asili ya unywele inabaki nje, nyembamba kama ilivyoota. Ncha hiyo ndiyo ulaini wenyewe. Ukikata unywele unabaki na kisiki, na visiki elfu vikipita shavuni vinachoma. Kwa hiyo dada yangu mwenye mkasi, wewe unayepunguza brashi yako ikianza kuchanua, umeua kitu ulichokilipia.

Vijana wa kijiwe masikio yaliwasimama tulipofika mwaka 2011. Timu ya wanawake ya Japani ilichukua Kombe la Dunia kwa kuifunga Marekani kwa penalti, serikali yao ikawapa tuzo ya heshima ya taifa, na zawadi iliyofuatana nayo ilikuwa seti ya brashi za mekapu za Kumano. Kijana wa bajaji akakunja uso: bingwa wa dunia unampa brashi? Babu akamwambia asiyejua thamani ya chombo ndiye anayedharau zawadi. Mimi nasema wale kina dada walipewa kitu kitakachodumu miaka mingi kikitunzwa, na kwetu huku tunakimaliza kabla ya msimu wa harusi kwisha.

Tunakimalizaje? Kwanza kwa kukandamiza. Brashi laini ni ya kupita juu juu. Imetengenezwa kubeba poda kidogo na kuiachia kidogo kidogo. Mpambaji wetu anaishika shingoni, kwenye bati, anaizamisha koponi mpaka singa zinapinda, anakandika kama anayesiliba ukuta wa nyumba. Uso unatoka na mabaka, anaongeza poda kufunika mabaka, mabaka yanazidi. Mpini mrefu hawakuuweka kwa urembo. Ukishika mwishoni, mkono unakosa nguvu ya kukandamiza, na hiyo ndiyo nia. Gusa poda kwa ncha, kung'uta ukingoni mwa kopo, kisha zungusha taratibu ukianzia katikati ya uso kwenda nje.

Pili kwa joto la Dar. Mtu katoka Mbagala kwa daladala, uso unamchuruzika, anaketi na brashi inapigwa juu ya jasho. Jasho na poda vikikutana vinatoa uji, uji unapanda kwenye singa, brashi inalowa na inaanza kugawa uji huo kwa kila anayefuata. Tishu haina gharama kubwa hivyo. Bandika usoni, inyonye jasho, mpe mtu feni dakika tano, ndipo uanze. Na fundesheni ya maji usiipake kwa brashi ya mbuzi. Nywele za mnyama zina magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, ndiyo yanayokamata poda vizuri hivyo, lakini kwenye kitu cha maji zinakunywa nusu ya chupa na kushikana. Ya maji na ya mafuta ipe nailoni.

Tatu, na hapa ndipo nilipotaka kufika: kwa kutoiosha, au kuiosha kijinga.

Pale saluni kuna binti anayejifunza kazi. Hajui kuchora nyusi bado, zinatoka moja juu moja chini, lakini kuosha brashi anajua kuliko bosi wake. Nilimwona bombani nyuma. Maji ya kwetu ni ya kisima, yana chumvi. Ukitumia sabuni ya mche hupati povu, unapata utando mweupe unaoganda kwenye singa na brashi inakauka ngumu. Sabuni ile pia ni kali kwa nywele za mnyama, inainua yale magamba na nywele zinakwaruza. Binti anatumia shampuu ya watoto, tone dogo kiganjani na maji ya uvuguvugu. Analowesha singa peke yake, kichwa cha brashi kimeelekea chini muda wote, anazungusha kiganjani polepole mpaka povu linatoka rangi ya udongo. Anasuuza, anarudia, mpaka povu linabaki jeupe. Mafuta ya fundesheni yakigoma, anaongeza tone la sabuni ya maji ya vyombo kwenye zile za nailoni tu. Suuzo la mwisho anamimina maji ya kunywa kutoka kwenye dumu, kikombe kimoja tu, kuondoa chumvi.

Kichwa kuelekea chini si madoido. Ndani ya shingo ya bati mna gundi, na mpini unaoingia humo mara nyingi ni mti. Maji yakizama, gundi inalainika, mti unavimba, ukikauka unasinyaa, na bati linaanza kucheza kama lilivyocheza mkononi mwa Babu. Wapo wanaoloweka brashi kwenye kikombe cha maji ya moto usiku kucha wakiamini wanazitakasa. Hao wanazizika.

Baada ya kuosha, kamua kwa taulo kwa kubonyeza, usisokote. Rudisha umbo kwa vidole. Ilaze kwenye ukingo wa meza, singa zikiwa hewani, upepo upite chini na juu. Au ifunge na kuining'iniza kichwa chini. Usiisimamishe kwenye kikombe ikiwa mbichi, maji yote yatarudi shingoni. Jua la saa saba na draya ya nywele viache, vinakausha singa mpaka zinakatika. Na masika, hewa yenyewe ikiwa mbichi, brashi nene inaweza kuchukua siku nzima na usiku wake. Ukiifungia kwenye pochi ikiwa na unyevu, ukungu utaota ndani usikoona, na kesho yake unampaka mtu ukungu kwa upole kabisa.

Mara ngapi? Chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani kinashauri kila baada ya siku 7 hadi 10, na hapo ni kwa mtu mwenye brashi zake na uso wake mmoja. Tena huko wengi hawatoki jasho kama letu. Mpambaji wa biashara hana siku 7. Yeye hesabu yake ni kila uso.

"Babu, nikiosha kila uso harusi itaanza saa ngapi?" dada akauliza, na swali lake lina haki.

Hapo ndipo spiriti ya kinyozi inapovuka barabara. Kati ya mteja na mteja, futa poda yote kwenye kitambaa safi, kwanza kikavu, kisha chenye spiriti ya asilimia 70. Ile ya asilimia 99 inayosifiwa haifai kwa hili: inakauka upesi kabla haijaua kitu, wakati yale maji kidogo ndani ya ya 70 yanaisaidia kupenya kwenye vijidudu. Iache brashi ikauke kabisa kabla ya uso mwingine. Mbuzi hapendi spiriti kila saa, atakauka na kukatika. Ndiyo sababu kwa kazi ya biashara mimi napendekeza nailoni bila haya, na mbuzi wako mweke nyumbani kwa uso wako. Spiriti hiyo ni ya kuvushia siku tu. Jioni, bombani.

Na brashi ya macho isiguse kitu kingine. Mwanzoni mwa 2024 Dar es Salaam ilivamiwa na macho mekundu, watu wakawa wanatembea na miwani ya jua mpaka usiku. Ugonjwa ule husambaa kwa mikono, taulo na chochote kinachotoka jicho moja kwenda jingine. Na wakati ule harusi zilifungwa vilevile, kope zikabandikwa, wanja ukapakwa. Nani alibadilisha brashi? Tusidanganyane. Mwenye jicho linalowasha apakwe wa mwisho, kwa kijiti cha pamba kinachotupwa. Akinuna, anune.

Kuna wanaosema hayo ni makuu ya wazungu. Basi sikiliza ya wazungu wenyewe. Watafiti wa chuo kikuu cha Aston, Birmingham, walipima vipodozi na vifaa 467 vilivyokwisha kutumika Uingereza, matokeo yakatoka mwaka 2019. Sponji zile za umbo la yai, asilimia 93 hazikuwahi kuoshwa, na asilimia 64 zilishadondoka sakafuni, mwenyewe akaokota akaendelea. Uchafu hauna uraia. Na sponji ni mbaya kuliko brashi, kwa sababu inashinda imelowa.

Dada wa saluni hakukaa kimya, na nisingemheshimu angekaa. Alituuliza: mteja anapiga simu kwanza, anauliza bei, nikisema laki na nusu anasema kwa fulani ni themanini. Tunashindana, nashuka mpaka tisini. Humo nitoe kope, nitoe poda, nitoe nauli ya kwenda ukumbini. Seti ya pili ya brashi inatoka wapi? Mteja hulipia kinachoonekana kwenye picha, na usafi hauonekani kwenye picha.

Tukaguna, maana ni kweli. Kamati ya harusi inakaa usiku mzima kujadili rangi ya vitambaa vya viti na MC wa kuchekesha, pesa zinapatikana. Ukisema seti mbili za brashi za nailoni ziwekwe kwenye bajeti, moja ikiwa kazini nyingine ikiwa inaoshwa na yule binti nyuma, watakuona una wazimu. Wakati huohuo hakuna bibi harusi asiyeogopa kuamka na majipu ya uso siku ya fungate. Bado nasema mpambaji hajatoka kwenye kesi. Tone la shampuu halihitaji kamati.

Kijana wa bajaji, ambaye tangu asubuhi alikuwa anacheka kuliko wote, akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba mahari yake imepokelewa na mchumba keshatafuta mpambaji. Amwambie aulize nini?

"Amwambie afungue pochi ya brashi," akasema Babu. "Azipanue ndani, pale kwenye bati, anuse. Aulize ya macho ni ipi. Na aulize siku ya kutoa advansi, siyo asubuhi ya harusi mtu keshaketi na nywele zimefungwa."

"Na mpambaji akisonya?"

"Adai advansi yake hapo hapo, kabla haijanunuliwa kope."

Dada wa saluni akalipa kahawa yake, akaichukua brashi yake ya kindi wa kuyeyuka, akavuka barabara akimwita yule binti alete shampuu.